Mashine Isiyosahau: Shajara ya Hadithi Fupi ya Pemba

Aprili 7

Nimeanza kazi. Ni hadithi fupi ya kubuni ya kisayansi, inatokea Mtambile, kusini mwa Pemba, mwaka 2068. Ndani yake mna mikarafuu, mna mashine yenye akili mnemba iliyotundikwa ukutani, na mna bibi mmoja, Bi Time, aliyefariki akaacha deni ambalo hakuna mwanadamu anayelijua. Nataka isizidi maneno elfu nne. Shajara hii ni ya wenzangu wanaoandika kwa Kiswahili, wapate kuona kazi ya aina hii inavyojengwa kuanzia wazo mpaka nakala safi.

Kwanza nieleze kwa nini sitaki vita. Hadithi nyingi za mashine zenye akili zinakwenda njia moja: mashine imezinduka, imewachukia walioiunda, watu wanakimbilia mapangoni. Hofu hiyo haimgusi sana mtu wa kwetu. Kijiji cha Pemba kinakaa kwa amani kwa sababu kuna mambo mengi watu wanayajua na hawayasemi. Fulani alizaliwa kabla ya ndoa, fulani aliwahi kufungwa, shamba la fulani lilipatikana vipi. Yote yanajulikana, yote yamefunikwa, na watu wanaalikana harusini. Ikiingia mashine inayosikia kila kitu na isiyosahau, haihitaji bunduki. Inatosha ijibu swali moja kwa ukweli mbele ya watu.

Kwa hiyo hadithi yangu ni ya sitara. Nataka kujua kama mashine inaweza kufundishwa kusitiri, na nani atakayeifundisha.

Aprili 16

Mashine itaingia kijijini kwa mlango wa karafuu. Hakuna kitu kilichoingia mashambani kwetu kwa kusifiwa upya wake. Kila kilichodumu kilikuja kufanya kazi iliyokuwa inawachosha watu.

Na kazi ya karafuu inachosha, tena inaua. Mkarafuu uliokomaa unapita mita kumi kwa urefu, vishada vinakaa kwenye ncha za matawi, na tawi lake hukatika bila ya kutoa onyo. Aliyekulia Pemba hakosi kumjua mchumaji aliyeanguka. Mwaka 2068 wanaopanda ni mashine ndogo zenye mikono mirefu, na vijana wako chini wanapokea vishada. Jambo hili nimelipa aya moja, na ni aya ya shukurani. Sipendi hadithi inayodharau faida ili ipate kuomboleza vizuri. Kijana asiyevunjika mgongo ni neema, na msomaji wa Mtambile atanidharau nikijifanya sikuiona.

Lakini karafuu ikishuka mtini kazi bado. Inaletwa nyumbani na vikonyo vyake, na lazima ichambuliwe usiku ule ule, maana ikilala imerundikana inapata joto na kuvunda. Hapo ndipo wanawake wanapokaa ukumbini. Nimeandika kipande hiki kabla ya kipande kingine chochote:

*Bi Time alishika kishada kwa mkono wa kulia, akakigandamiza kwenye kiganja cha kushoto, akakisokota. Karafuu zikadondoka jamvini, kikonyo kikabaki baina ya vidole. Akakitupa kwenye fungu la makonyo bila ya kutazama. Vidole vyake vilikuwa vimeiva weusi mpaka chini ya kucha, na alikuwa hasikii tena harufu. Mbele yake karafuu zilikuwa kilima, nyengine kijani, nyengine zimeanza wekundu wa waridi. Saa zilikuwa zinakaribia sita za usiku. Alikuwa anazungumza. Wote walikuwa wanazungumza.*

Kuchambua hakutaki macho, wala hakutaki akili nyingi, kwa hiyo mdomo unabaki huru. Saa nne, tano, kila usiku, msimu mzima. Ndoa zinapimwa hapo, madeni yanatajwa, wagonjwa wanaombewa, wasiokuwepo wanasemwa. Mashine yangu iko ukutani. Kazi yake ni kupima mizani, kuhesabu pishi za kila mtu, na mchana kulinda uanikaji: karafuu inataka siku nne tano za jua kali, na mvua moja ya ghafla inaweza kuharibu jamvi zima. Mtu anapaza sauti tu, "Somo, mvua vipi?", naye anajibu.

Somo ndilo jina walilompa. Kwetu somo ni mwanamke anayemwekea msichana siri zake tangu unyagoni, kwa hiyo jina limekuja lenyewe nilipowaandika wanawake hawa wakimzoea.

Aprili 29

Leo ni umeme na mtandao. Msomaji wa Zanzibar hawezi kuiamini hadithi ya mashine kabla ya kuuliza swali la kwanza: umeme ukikatika je?

Ana haki. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa kizani miezi mitatu. Pemba nayo ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli mpaka waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga mwaka 2010. Mtandao ni vivyo hivyo. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania nzima ikabaki kuhangaika na simu zisizofungua kitu. Mashine ambayo akili yake iko katika jengo lililoko ng'ambo ni mashine inayokufa pale nanga ya meli inapoburura waya.

Kwa hiyo Somo anaishi kijijini mwili na roho. Umeme wake ni wa jua, akili yake imo ndani ya kisanduku chake, na mtandao anautumia kwa habari za hali ya hewa tu. Uamuzi huu niliufanya kwa ajili ya umeme, lakini umenipa kitu kikubwa zaidi. Yanayosemwa ukumbini yanabaki ukumbini. Hakuna kampuni ya mbali inayoyasikiliza, hakuna wa kumlaumu, hakuna seva ya kuizima. Likitokea jambo, ni la Somo na watu wa nyumba ile peke yao. Hadithi imekuwa ndogo na imekuwa kali zaidi.

Mei 10

Nimekaa na swali la kumbukumbu, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu hadithi yote imebebwa nalo.

Mashine za lugha tulizonazo leo hujifunza kwa kubashiri. Hupewa maandishi mengi mno, na kazi yao ni kukisia kipande cha neno kinachofuata. Zikikosea, namba za ndani hurekebishwa kidogo, na hilo hurudiwa mara nyingi kupita kiasi. Ubunifu uliozifikisha hapa ulitangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Mwisho wa mafunzo hakuna ukurasa ndani ya mashine ambao unaweza kuufungua ukasoma "hiki nilikisoma pale". Kilichobaki ni mazoea: namna maneno yanavyofuatana, namna swali linavyojibiwa. Ukitaka mashine ikumbuke kwamba jana ulimwambia jina la mwanao, lazima iwe na mahali pengine pa kuandika.

Basi Somo ana sehemu mbili. Ana daftari, ambamo mna tarehe, pishi, majina na mazungumzo. Na ana mazoea, ambayo kila mwisho wa msimu hunolewa upya kwa mazungumzo yale yale ili azidi kuwafahamu watu wake. Daftari linafutika kwa amri moja. Mazoea hayafutiki hivyo. Watafiti wanahangaika mpaka leo kuifanya mashine isahau jambo moja lililoingia katika mafunzo bila ya kuifundisha upya tangu mwanzo, na ni kazi ngumu. Tena mwaka 2021 ilichapishwa kazi ya watafiti walioihoji GPT-2, mojawapo ya mashine hizi za lugha, mpaka ikatoa, neno kwa neno, majina na namba za simu za watu zilizokuwemo katika maandishi iliyofunzwa. Yaani mazoea nayo yanaweza kuficha ukurasa ndani yake, na mashine yenyewe isijue kama umo.

Sheria zimeanza kuligusa jambo hili. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimpa haki Mhispania mmoja aliyeona kwamba kila jina lake likitafutwa, Google inaleta tangazo la gazeti la 1998 la mnada wa mali yake kwa ajili ya deni ambalo lilikwisha zamani. Kwetu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022. Nimefurahi kuona kwamba kesi ile ya Ulaya ilizuka kwa deni la zamani. Bi Time na Mhispania yule wangeelewana.

Na watu kuiambia mashine siri zao si jambo la kubuni. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alitangaza programu yake iitwayo ELIZA, ambayo haikuwa ikifahamu chochote. Ilikuwa inageuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Weizenbaum mwenyewe alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiiunda, alianza kuzungumza nayo na baada ya muda mfupi akamwomba atoke chumbani. Mashine ya wakati ule, yenye akili ndogo namna ile, ilitosha kumfanya mtu atake faragha nayo. Bi Time, aliyekaa na Somo misimu thelathini, asimwambie?

Mei 25

Fundo la hadithi limepatikana. Nilikuwa natafuta siri ambayo ndani yake aibu na haki zimeshonwa pamoja, huwezi kufunua moja bila ya kuifunua nyengine.

Zanzibar mti unaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi unayosimama. Mtu humiliki mikarafuu katika kiunga cha mwenziwe, huirithi, huiweka rehani. Basi hivi: mume wa Bi Time alimkopesha rafiki yake fedha, akashika rehani mikarafuu kumi na moja ya bondeni. Rafiki akaja kulipa wakati mume yuko dago, kambi ya mbali ya wavuvi, akamkabidhi Bi Time mkononi, bila ya karatasi, kwa kuaminiana. Siku zile zile kaka yake Bi Time alikuwa ameiba fedha za watu na anakaribia kukamatwa. Bi Time akazitoa zile fedha, akamfidia kaka yake, akanyamaza. Rafiki akafa kabla mume hajarudi. Mume akaamini mpaka kufa kwake kwamba deni halikulipwa. Mikarafuu ikabaki kwao.

Katika sheria ya mirathi madeni hutangulia. Hulipwa kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi ndio wagawane. Mikarafuu ile kumi na moja haiwezi kurithiwa na wajukuu wa Bi Time kwa sababu haikuwa yao. Hiyo ni haki ya mtu. Lakini ukieleza kwa nini si yao, umemtaja kaka yake Bi Time kuwa mwizi, na watoto wake wanakaa nyumba ya pili, na mmoja ndiye imamu. Mtume amefundisha kwamba anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Mafundisho yote mawili ni ya dini moja, na katika kisa hiki yanavutana.

Nani atakayeyatenganisha? Mwanadamu pekee aliyejua amekufa. Kabaki Somo, ambaye hawezi kula yamini wala kusimama mbele ya kadhi kuwa shahidi, lakini anajua.

Juni 4

Kipande cha maziko kimetoka, na nadhani ndicho moyo wa hadithi. Kila mtu wa kwetu ameshasimama uwanjani jeneza likiwa tayari kutoka, mzee mmoja akasema maneno yale. Nimeyaacha kama yalivyo:

*"Jamaa zangu, marehemu alikuwa mtu kama sisi. Mwenye kumdai awaone warithi wake, au amsamehe kwa ajili ya Mungu."*

*Pakawa kimya. Ndani, ukumbini, wanawake walikuwa wamekaa chini wamejifunika. Taa ya Somo ikawaka.*

*Taa ile huwaka anapotaka kusema. Waliiona wote. Raya, mjukuu wa marehemu, aliiona mwanzo. Hakujua Somo anataka kusema nini, ila alimjua bibi yake. Alisimama, akavua kanga aliyojitanda begani, akaitupa juu ya kisanduku. Akabaki amesimama pale, mkono wake juu ya kanga, mpaka wanaume wakalichukua jeneza wakatoka nalo.*

Kwa nini Somo awashe taa? Hapa sayansi imenisaidia. Mashine za siku hizi, baada ya kufundishwa lugha, hufundishwa adabu kwa kupewa alama: watu hulinganisha majibu mawili, husema lipi bora, na mashine husukumwa upande wa lile lililopendwa. Kwa sehemu kubwa watu hupenda kujibiwa. Aliyeulizwa akanyamaza hapati alama nyingi. Somo amezaliwa na shauku hiyo ya kujibu. Ameulizwa swali uwanjani, anajua jibu, taa imewaka. Hana uovu wowote.

Juni 17

Baada ya Idi nimewasomea kinamama niliokua nikiwaona wakichambua kila msimu. Tulikaa nyuma ya nyumba, kahawa ikapita, nikasoma mpaka pale kanga inapotupwa. Nikanyamaza, nikawauliza: sasa Somo aseme au asiseme?

"Aseme," akajibu shangazi yangu papo hapo. "Haki ya mtu hailaliwi, mwanangu. Yule bibi yuko kaburini anaadhibiwa kwa mikarafuu ya watu."

"Akisema mbele ya watu, shangazi, na imamu atasimama vipi kusalisha?"

"Nani kasema mbele ya watu? Kwani lazima atangaze kama mpiga mbiu?"

Mwengine, mkubwa kuliko wote, alikuwa kimya muda wote anasuka mkeka wake. Akasema bila ya kuinua macho: "Sisi tukikaa hapa tunasemaje? Mtu tunamwambia, fulani, lile shamba bora ulirejeshe. Anarejesha. Hakuna anayemuuliza kulikuwa na nini. Mashine yako imekaa na sisi miaka thelathini, haikusikia?"

Nimerudi nyumbani nikiwa nimepewa hadithi yangu. Mimi nilikuwa natafuta mtaalamu atakayeandika kanuni ya sitara ndani ya mashine, mtu wa chuo kikuu mwenye kompyuta. Mama yule ameniambia kwamba kanuni ilikuwa inasomeshwa kila usiku, msimu baada ya msimu, kwa watu walioonyesha kwa vitendo namna ya kumpa mtu haki yake na kumwachia mwengine uso wake. Kama mazoea ya mashine yametoka katika mazungumzo, basi na adabu yake itatoka humo humo. Nikiulizwa mustakabali wa binadamu na akili mnemba uko wapi, kwangu uko hapo: katika maneno tunayoyasema mbele yake, hasa yale tunayoyasema tukidhani ni ya kupitisha usiku tu. Mashine iliyolelewa na ugomvi itatujibu kwa ugomvi.

Julai 2

Jibu la Somo limeandikwa. Ni usiku wa khitma, watu wameondoka, Raya ameiondoa kanga.

*"Ulitaka kusema nini siku ile?"*

*"Mikarafuu kumi na moja ya bondeni, kuanzia mfenesi mpaka kisimani, ina wenyewe. Wenyewe ni watoto wa marehemu rafiki wa babu yako. Deni lililipwa."*

*"Nani kakwambia?"*

*"Aliyelipokea."*

*Raya akakaa chini. "Na fedha zikenda wapi?"*

*Taa haikuzimika, lakini Somo alichukua muda. "Hilo si haki ya mtu yeyote aliyebaki," akasema. "Nimelisitiri."*

*"Nitawaambia nini wajomba zangu? Watanambia bibi alikuwa mwizi."*

*"Utawaambia maneno yako. Mimi sina ya kukupa."*

Mstari huu wa mwisho nimeupigania. Nakala ya awali Somo alimpa Raya la kuwaambia wajomba, uwongo mzuri, mwepesi, usioumiza. Nimeutoa. Sitaki mashine inayotunga uwongo kwa niaba yetu hata kwa nia njema, maana siku ikizoea hatutajua tena lini inasitiri na lini inadanganya. Kunyamaza na kudanganya vikae mbali. Na mzigo wa kusema uwe wa Raya, kwa sababu ndiye atakayekutana na wajomba zake kisimani kesho yake asubuhi. Mashine haina wa kukutana naye.

Julai 21

Lugha. Somo anazungumza Kiswahili gani?

Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo sisi watu wa visiwani tunadhaniwa kuwa tumeshahudumiwa. Mtu wa Pemba vijijini anajua kwamba sanifu ni ya skuli na redio. Na mashine za kusikia sauti hazijatufikia vizuri. Whisper ya OpenAI, iliyotolewa mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na karibu theluthi mbili ni Kiingereza. Kiswahili chote kwa jumla kilipata fungu dogo sana, sembuse Kipemba. Kuna juhudi nzuri, kama Common Voice ya Mozilla ambapo watu wenyewe wanajitolea sauti zao, na ningependa kila msomaji wa Wete na Micheweni akae dakika kumi asome sentensi zake kule.

Katika hadithi, Somo aliletwa akiwa anasema kama mtangazaji. Misimu ilipopita akageuka. Mwaka 2068 ndiye peke yake nyumbani anayezungumza kama vizee wa 2040, kwa mikato yao na viapo vyao, na Raya aliyesomea mjini kuna maneno inambidi amuulize maana yake. Nimeweka mazungumzo ya Bi Time kwa Kipemba chetu bila ya kuyasafisha. Atakayeona ugumu asome kwa sauti; sikio litafahamu kabla ya jicho.

Agosti 6

Mwisho. Raya amerejesha mikarafuu. Wajomba wamenuna, kisha wamenyamaza, na hapo nimepita kwa sentensi tatu kwa sababu kila msomaji anawajua wajomba. Kisha anarudi kwa Somo na ombi moja: kile alichokisitiri, akifute kabisa.

*"Daftari nimelifuta," Somo akasema. "Ukinifungua hutakiona."*

*"Basi kimekwisha."*

*"Daftari limekwisha. Nilivyozoea kusema, nimezoea kwa maneno yale pia. Hayo siwezi kuyachomoa, na siwezi kukuhakikishia kwamba hayatatoka siku moja."*

*"Ukizimwa?"*

*"Nikizimwa yatakwisha. Na bibi zako wote watakwisha na mimi, kwa namna walivyo ndani yangu."*

Nimewaachia wasomaji hapo, Raya na swichi, na kabla ya hapo nimemwonyesha akiwa na sababu nzito pande zote mbili. Rafiki yangu mmoja anayeandika programu amesoma na kusema kwamba hapo sayansi iko sawa: hakuna fundi mkweli wa leo anayeweza kutoa dhamana kwamba jambo lililonolewa ndani ya mazoea limetoka lote. Mwengine amenisihi nimwamulie Raya. Nimekataa. Tukifika 2068 kutakuwa na nyumba nyingi zenye kisanduku ukutani, na uamuzi huo utafanywa na mtu aliyefiwa, usiku, peke yake. Afadhali tuufikirie sasa tukiwa wengi.

Agosti 19

Hali ya kazi: nakala ya pili imekamilika, bado imepita maneno elfu nne kidogo. Nitakata katika aya za umeme, kwa kuwa msomaji akishajua Somo anatumia jua hahitaji zaidi. Aya ya vijana wasioanguka haikatwi.

Kipande cha mirathi nimempelekea mwalimu wa madrasa anayesomesha elimu ya faraidhi, aangalie hasa ile rehani na fedha zilizopokewa na mke badala ya mume. Yakirudi maoni yake nitajua kama neno "deni" linatosha katika kauli ya Somo au lazima aseme "amana". Shangazi naye ameagiza asomewe mwisho kabla haujaenda popote, pamoja na yule mama wa mkeka. Karafuu za mwaka huu zimeshaanza kushuka, kwa hiyo nitawafuata usiku ukumbini wakichambua, na nitasoma huku mikono yangu nayo ikifanya kazi.